Bamba la kinga chini ya gari la zamani: namna ya kulipata na kulifunga

Kwenye barabara za moramu zinazoingia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali, magharibi mwa Uganda, jiwe moja lililofichwa na maji ya mvua linatosha kulaza gari. Jiwe hilo likitoboa sampu, yaani bakuli la chuma lililo chini ya injini na linalobeba oili, oili humwagika kwa dakika chache. Dereva asipozima injini mara moja, injini hukwama. Kwa mama mjamzito anayesubiri kupelekwa hospitali usiku, au kwa kikundi cha wakulima kilichochanga pesa kununua pikapu moja ya kubebea mahindi, hasara hiyo haiishii kwenye bei ya oili.

Kinga ipo, na haihitaji pesa nyingi ikifanywa kwa mpango. Ni bamba la chuma linalofungwa chini ya gari, ambalo mafundi wengi huliita sampu gadi. Makala hii inaeleza namna ya kulitafuta na kulifunga kwenye gari la zamani. Mfano wetu ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ulioanza kutengenezwa mwaka 1984, lakini kanuni ni zile zile kwa Hilux, Land Rover au Nissan Patrol ya zamani.

Bamba hili linalinda nini?

Kazi ya bamba ni kupokea pigo la jiwe na kulipeleka kwenye chesisi, ambayo ni sehemu yenye nguvu kuliko zote, ili sampu isiguswe. Kwa hiyo bamba hufungwa kwenye chesisi pekee. Likifungwa kwenye sampu au kwenye gia boksi, pigo litapita moja kwa moja hadi kwenye kitu ulichotaka kukilinda.

Sehemu zinazohitaji kinga ni tatu. Ya kwanza ni sampu pamoja na sehemu ya chini ya rejeta. Ya pili ni gia boksi na transfa, katikati ya gari. Ya tatu ni tangi la mafuta. Kama pesa hazitoshi, anza na sampu. Kisha angalia alama za mikwaruzo chini ya gari lako, kwa sababu zitakuonyesha ni wapi mawe hugonga zaidi.

Bamba halilindi difu iliyo kwenye ekseli, kwa kuwa difu hupanda na kushuka pamoja na magurudumu. Pia haliinui gari. Dereva bado anapaswa kupunguza mwendo na kuchagua njia.

Anza kwa kuchunguza gari lenyewe

Magari mengi ya aina hii yalitoka kiwandani yakiwa na bamba jembamba la kinga. Baadaye liliondolewa siku ya kubadilisha oili na halikurudishwa, au lilipinda likatupwa. Ingia chini ya gari, safisha tope na utafute matundu yenye meno ya bolti kwenye chesisi, pande zote mbili. Matundu hayo yakiwepo, nusu ya kazi imekwisha.

Andika namba ya modeli iliyo kwenye kibati cha gari, kwa mfano HZJ75 au HZJ78. Usimwambie muuzaji "Land Cruiser" tu, kwa sababu bamba la mfululizo wa 80 halikai kwenye gari la mfululizo wa 70. Aina ya injini nayo ni muhimu, kwani sampu hutofautiana kwa umbo na kina.

Jambo jingine linawahusu wenye magari yaliyotoka Kongo. Kule magari hupita upande wa kulia wa barabara na usukani huwa kushoto, na Uganda ni kinyume chake. Mtambo wa usukani ukiwa upande mwingine, nafasi iliyo chini ya gari hubadilika pia. Bamba lililotengenezwa kwa gari la Uganda lisikatwe kwa gari la Kongo bila kupima upya.

Mahali pa kutafuta

Njia ya kwanza ni bamba la mtumba kutoka gari la modeli ile ile. Kampala, eneo la Kisekka limejulikana kwa miaka mingi kwa vipuri vya magari, na Katwe kwa mafundi wa chuma. Kabla ya kulipa nauli, uliza kwanza kwenye gereji za mji ulio karibu nawe, kama Mbarara kwa wakazi wa Nakivale. Beba vipimo: umbali kati ya matundu, upana na urefu. Kagua kama bamba limepinda, lina ufa kwenye matundu au limeliwa na kutu. Dai risiti yenye jina la muuzaji, kwa sababu kipuri kisicho na karatasi kinaweza kuwa cha wizi na kukuletea matatizo.

Njia ya pili ni kumpa kazi mchomeleaji wa makazini au wa kijiji jirani. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi nafasi ya kufanya kazi, na karakana nyingi leo zina wakimbizi na wenyeji pamoja. Bamba lililopimwa juu ya gari lako hukaa vizuri kuliko la bei kubwa lililonunuliwa kwa kukisia.

Ukiagiza kwa fundi, zingatia haya

Unene. Chuma cha kawaida cha milimita 4 kinatosha kwa gari la kazi. Bati la pipa la lita 200 lina takriban milimita 1 tu, na halifai. Alumini ya milimita 6 ni nyepesi, lakini ni ghali na si kila fundi anaweza kuichomelea.

Uzito. Bamba la chuma la mita 1 ya mraba lenye unene wa milimita 1 lina uzito wa karibu kilo 7.85. Kwa hiyo bamba la sentimita 60 kwa 80, unene milimita 4, lina takriban kilo 15. Hesabu hii itakusaidia kujadiliana bei kwa kilo, na pia kukumbuka kwamba kila kilo unayoongeza chini inapunguza mzigo ambao gari linaweza kubeba juu.

Kiolezo. Kata kwanza boksi la karatasi ngumu, lishike chini ya gari na uweke alama za matundu. Boksi likikosewa hutupwa, chuma kikikosewa kimekula pesa.

Nafasi. Acha sentimita 2 hadi 3 kati ya bamba na sampu. Injini hutikisika juu ya mipira yake, na bamba lenyewe hubonyea kidogo likigongwa.

Umbo. Ukingo wa mbele upindwe kuelekea juu ili bamba liteleze juu ya jiwe. Kama kuna mabamba mawili, ukingo wa nyuma wa bamba la mbele ukae chini ya ukingo wa mbele wa lile la nyuma, kama vigae vya paa vinavyopandana. Yakipangwa kinyume, ukingo utakamata mawe na matope.

Matundu. Acha tundu la kumwagia oili na mengine machache ya kupitisha hewa na kutolea maji. Vichwa vya bolti vikae ndani ya vishimo, au vizungushiwe pete za chuma, ili mawe yasivikate.

Hatua za kufunga

1. Egesha gari mahali palipo sawa, weka vizuizi kwenye magurudumu na usubiri injini na egzosi vipoe. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee. Tumia stendi imara za chuma. Matofali hupasuka ghafla.

2. Safisha matundu ya chesisi kwa brashi ya waya na uyapake oili kidogo. Bolti nyingi za Toyota za unene wa milimita 10 zina meno yenye nafasi ya milimita 1.25, wakati zinazouzwa sana madukani ni za milimita 1.5. Jaribu bolti kwa vidole. Ikigoma baada ya mizunguko miwili, ni ya aina nyingine. Ukiilazimisha kwa spana utaharibu tundu.

3. Tumia bolti zenye alama 8.8 kichwani, pamoja na washa pana. Bolti laini isiyo na alama hukatika.

4. Inua bamba kwa jeki ndogo na kipande cha ubao, au kwa msaada wa mwenzako. Ingiza bolti zote kwa vidole kwanza, bila kukaza hata moja. Zikishaingia zote, kaza kidogo kidogo kwa kupishana pande.

5. Washa injini na umwambie mtu akanyage mafuta kidogo, huku wewe ukisikiliza ukiwa nje ya gari. Kisha zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Ukisikia chuma kikigongana, zima na upime upya.

Onyo kuhusu kuchomelea

Usichomelee bamba moja kwa moja kwenye chesisi. Joto hudhoofisha chuma cha chesisi, na siku ya kubadilisha oili utalazimika kulikata. Kama kishikizo lazima kichomelewe, kifanyiwe kazi mezani, kisha kifungwe kwa bolti. Bamba la tangi la mafuta litengenezwe lote mbali na gari. Mvuke wa mafuta ndani ya tangi hulipuka hata tangi likiwa tupu.

Kwa madereva wa mashirika, kuna jambo la kuongeza. Gari si lako, hivyo mabadiliko yoyote yaombwe kwa maandishi kwa msimamizi wa magari. Bima inaweza kukataa kulipa kwa gari lililobadilishwa bila idhini.

Baada ya kufunga

Kaza tena bolti zote baada ya kilomita 100 za kwanza, kisha kila unapobadilisha oili. Bamba lililolegea ni hatari kuliko kukosa bamba, kwani linaweza kuanguka na kukamata ardhi gari likiwa kwenye mwendo.

Wakati wa kiangazi, ondoa nyasi kavu zilizonaswa juu ya bamba. Zikigusa egzosi yenye moto, gari linaweza kuungua. Wakati wa mvua, osha tope kwa maji mengi, kwa sababu tope linalokaa huleta kutu na kuzuia joto kutoka. Kazi ya kufunga ni vyema ikamilike kabla ya mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba.

Kumbuka pia kwamba bamba huficha uvujaji. Oili inayodondoka inaweza kukusanyika juu yake bila kuonekana ardhini. Kwa hiyo pima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha injini.

Jiwe likigonga

Simama mahali salama, zima injini na uangalie chini. Kama taa ya oili imewaka, usiwashe tena hata kama umebakiza kilomita moja kufika kituo cha afya. Piga simu kuomba gari jingine na umhamishie mgonjwa humo. Sampu iliyotoboka inaweza kuzibwa na fundi kwa siku moja, lakini injini iliyokwama inaweza kulaza gari kwa miezi, na muda wote huo wagonjwa wa vijiji vyote vinavyolitegemea watatafuta usafiri mwingine.