Uuguzi Chini ya Mlima Kasigau

Rukanga, Bungule, Jora na Makwasinyi ni baadhi ya vijiji vinavyouzunguka mlima Kasigau, kusini-mashariki mwa mji wa Voi nchini Kenya. Mwaka 1915 Waingereza waliwahamisha Wakasigau kwa nguvu hadi upande wa Malindi, wakidai kwamba waliwasaidia Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wengi walifia huko kwa maradhi na njaa. Waliosalia walirejea miaka ya 1930 na kuanza maisha upya, huku huduma za wamishonari na serikali zikiwa zimejikita katika milima ya Taita, mbali nao.

Hata baada ya uhuru, mgonjwa mahututi wa Kasigau alipaswa kufikishwa Maungu kwa barabara ya vumbi, kisha Voi. Umbali huo ndio uliopanga kazi ya muuguzi. Katika zahanati za mashambani, sista mmoja hupima watoto na kuwachanja asubuhi, hutoa dawa, hukagua joto la friji ya chanjo, hujaza madaftari ya wizara, na usiku huitwa kuzalisha. Akienda likizo au kufuata mshahara mjini, mara nyingi mlango hubaki umefungwa. Kwa hiyo nyumba ya kuishi karibu na kituo, maji, taa na mwenzake wa kupokezana zamu vina uzito sawa na mshahara, na ni kosa kuviona kama anasa. Huko Kasigau, ambako ndovu wa Tsavo huvuka mashamba gizani, kumtaka mtu atembee usiku kwenda kuzalisha ni kuhatarisha maisha yake.

Mwaka 2004 serikali ilipunguza ada ya matibabu hadi shilingi 10 katika zahanati na 20 katika vituo vya afya, na Juni 2013 ikaifuta kabisa, pamoja na ada ya kujifungua katika hospitali za umma. Kwa wananchi ilikuwa nafuu ya kweli. Lakini fedha hizo ndogo ndizo zilizokuwa zikimlipa mlinzi na mfagiaji. Fidia ya serikali ilipochelewa, foleni ilirefuka na usafi ukamwangukia muuguzi yule yule.

Mwaka huo huo afya ilihamia kwa kaunti, kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Maombi ya uhamisho au ya kupandishwa cheo hayakulazimika tena kwenda Nairobi; yalikwenda kwenye ofisi za kaunti zilizoko Mwatate na Wundanyi. Ukaribu huo ulikuwa na gharama yake, kwani mishahara ilianza kutegemea mgao wa kaunti, na mgao ulipochelewa mshahara nao ulichelewa. Malalamiko kama hayo, pamoja na mkataba wa pamoja uliokwama, yaliwaingiza wauguzi wa Kenya katika mgomo mrefu wa 2017, kuanzia Juni hadi mapema Novemba. Chama chao kilipata ahadi za marupurupu. Wagonjwa waliobeba mzigo mzito zaidi ni wale wasio na hospitali ya kibinafsi karibu, na Kasigau ilikuwa miongoni mwa sehemu hizo.

Septemba 2023 serikali iliwapa wahamasishaji wa afya ya jamii vifaa, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti. Kazi yao ni kutembelea kaya, kupima shinikizo la damu na sukari, na kuwaelekeza wagonjwa kituoni. Pale wanapolipwa kwa wakati, muuguzi hupunguziwa ziara za nyumbani. Kuzalisha, kuchanja na kutunza majeraha bado ni kazi yake mwenyewe.