Injini Chakavu, Mfuko Mtupu: Vijana Waliotafuta Hosipawa Bila Mtaji

Kuna neno moja ambalo kwa kazi yangu hii ya kuzunguka na daftari nalisikia karibu kila wiki: mtaji. Semina ya vijana, mtaji. Waziri akikutana na wahitimu, mtaji. Kijiweni, mtaji. Sisi tuliomaliza chuo juzijuzi tumelikariri hadi linatoka lenyewe mdomoni, utadhani bila fungu nono la kuanzia mtu hawezi hata kufikiri.

Mimi si fundi magari wala si mchumi. Ila napenda historia, na siku hizi nimekuwa nikisoma habari za vijana fulani wa Uingereza waliotaka jambo la anasa kabisa, yaani mbio za magari, huku mifukoni hawana kitu. Walichozifanyia injini kuukuu naona kinatuhusu, hata kama hujawahi kufungua boneti maisha yako yote.

Hebu turudi nyuma kidogo. Vita Kuu ya Pili ilikwisha 1945, lakini shida haikwisha nayo. Uingereza iliendelea kugawa petroli kwa kuponi hadi Mei 1950. Na petroli yenyewe ilikuwa hafifu, ya aina moja kwa nchi nzima, hadi 1953 kampuni ziliporuhusiwa tena kuuza za kwao. Magari mapya mengi yalipelekwa nje ili yalete fedha za kigeni. Kijana wa kawaida aliyetaka gari alikuwa na njia moja tu: kutafuta mkweche.

Mkweche uliopatikana kirahisi ulikuwa Austin 7. Gari hilo dogo lilianza kuuzwa 1922 na likatengenezwa hadi 1939, jumla karibu magari 290,000. Injini yake ilikuwa ya silinda nne, cc 747, na matoleo ya mwanzo yalitoa kama hosipawa 10. Kumi tu! Pikipiki nyingi za cc 150 zinazobeba abiria mijini kwetu leo zinaizidi injini hiyo.

Mwaka 1939 mhariri wa jarida la Motor Sport, Bill Boddy (naam, mwandishi mwenzetu, niruhusuni nijivune kidogo), alianzisha klabu ya wapenzi wa vigari hivi iitwayo 750 Motor Club. Baada ya vita klabu hiyo ikatunga kanuni za mashindano ya watu wa kipato kidogo. Sharti kuu: gari lazima litokane na Austin 7. Nia ilikuwa kwamba mwenye pesa asije akanunua ushindi dukani.

Sasa tuingie gereji. Wengi tunadhani nguvu ya injini inatokana na petroli. Kumbe petroli ndiyo kazi rahisi, unamimina tu. Ngumu ni hewa. Ili gramu moja ya petroli iungue vizuri inahitaji karibu gramu 15 za hewa. Kwa hiyo injini, ukiitazama vizuri, ni pampu ya hewa. Anayetaka nguvu zaidi ana njia chache: aongeze ukubwa wa silinda, aizungushe injini kwa kasi zaidi, aubane mchanganyiko wa hewa na petroli kwa nguvu zaidi kabla haujawashwa, au aisaidie injini kuvuta pumzi.

Kuongeza ukubwa, kanuni zilikataza. Kuongeza kasi kulikuwa na hatari yake. Krenki ya Austin 7 za zamani ilishikiliwa na beringi kuu mbili tu, moja kila mwisho, katikati hakuna kitu. Ukiizungusha mno inapinda kama fimbo ya mwanzi, na ikichoka inakatika. Kukatika kwa krenki katikati ya mashindano ni kilio, maana ndio mwisho wa injini na wa akiba yako. Kubana zaidi kuliwezekana kwa kusaga uso wa silinda hedi ili nafasi ya juu ya pistoni ipungue, lakini petroli hafifu ya miaka ile iliweka mpaka: ukizidisha, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake na injini inaanza kugonga.

Ikabaki pumzi. Na pumzi, ndugu zangu, haihitaji pesa nyingi. Inahitaji tupa, msasa, taa nzuri na usiku mrefu. Vijana walikaa kwenye vibanda vyao wakisugua njia za hewa ndani ya chuma, wakihakikisha tundu la gasketi halizibi hata kidogo tundu la injini, wakisawazisha kingo ambazo kiwandani hakuna aliyehangaika nazo. Kiwanda hutengeneza maelfu, hakina muda wa kubembeleza injini moja. Kijana mwenye injini moja muda anao.

Mmoja wao aliitwa Colin Chapman. Alizaliwa 1928 na alisomea uhandisi University College London. Gari lake la kwanza la mashindano, mwaka 1948, alilijenga kutokana na Austin 7 katika gereji iliyokuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams. Mwaka 1951 akaja na gari la tatu, Lotus Mark III, na hapa ndipo kisa kinapokolea.

Injini ya Austin 7 ina silinda nne, lakini matundu ya kuingizia hewa ni mawili tu. Silinda mbili jirani zinachangia tundu moja, kama vyumba viwili vya kupanga vinavyochangia bomba la maji. Ubaya ni kwamba zamu za majirani hao zinafuatana papo hapo. Mmoja akiwa bado anavuta, mwenzake naye anaanza, basi wanaibiana. Kila mtu kwenye klabu aliijua kasoro hiyo na wote waliichukulia kama amri ya Mungu, maana tundu liko ndani ya chuma cha injini na kanuni hazikuruhusu kubadilisha injini.

Chapman yeye akatia kizuizi chembamba cha chuma katikati ya tundu na kuligawa mara mbili, kisha akatengeneza njia za hewa za kulingana nalo. Ghafla kila silinda ikawa na mlango wake. Hakununua injini, wala hakuongeza hata cc moja. Mwaka ule gari lake likawaacha wenzake mbali kiasi kwamba mashindano yalipoteza ladha. Klabu ikafanya nini? Ikabadilisha kanuni na kupiga marufuku ujanja huo.

Hapa nimetafakari sana. Tungekuwa sisi, nadhani tungelia mwaka mzima kwamba tunabaniwa. Lakini klabu haikuwa na ubaya wowote. Kila mmoja angelazimika kukata injini yake ili tu abaki kwenye mbio, na umaskini wenyewe ungekuwa mashindano ya gharama. Chapman aliachana na Austin 7 na kugeukia injini nyingine ya bei rahisi: Ford ya cc 1172.

Januari 1952 alianzisha kampuni ya Lotus, na mtaji unaotajwa siku zote ni pauni 25 alizokopeshwa na huyohuyo Hazel. Kisha ikaja hesabu ya pili ya mtu asiye na pesa: kama huwezi kuongeza nguvu, punguza mzigo. Chukua injini ya Ford Anglia ya miaka hiyo, hosipawa 36, ndani ya gari la kama kilo 750. Kila hosipawa inaburuta karibu kilo 21. Lotus Seven ya 1957 ilitumia injini ya ukoo huohuo, ikiwa na kama hosipawa 40, lakini gari lote halikufika kilo 500. Hapo kila hosipawa inabeba kilo zisizozidi 12 na ushei. Injini ni kuukuu ileile, dereva anajiona yuko kwenye roketi.

Seven liliuzwa vipande vipande, mnunuzi akaliunge mwenyewe nyumbani. Sababu ilikuwa kodi. Gari zima lilitozwa kodi ya manunuzi, ambayo 1957 ilikuwa asilimia 60 ya bei ya jumla. Vipande havikutozwa. Basi kijana alinunua fremu na bati, akaongeza injini ya mkweche aliyoifanyia kazi kwa miezi, Jumamosi moja akatoka nayo barabarani. Mlango huo ulifungwa 1973 kodi ile ilipofutwa na nafasi yake kuchukuliwa na VAT. Mwaka huohuo Seven likahamia kwa kampuni ya Caterham, ambayo inaendelea kuliuza hadi leo.

Mwaka 1959 Ford ilileta Anglia mpya, injini ya cc 997, na wajanja wakatambua mara moja kwamba wamepewa zawadi. Ile injini ya zamani ya cc 1172 ilikuwa nyembamba na ndefu: pistoni ilisafiri milimita 92.5 kila inapopanda au kushuka. Mpya ilikuwa pana na fupi, pistoni ilisafiri milimita 48.4 tu. Piga hesabu: kwa mizunguko 5,000 kwa dakika, pistoni ya zamani inakimbia wastani wa mita 15 kwa sekunde, mpya inakimbia 8. Maana yake injini mpya inaweza kuzungushwa kwa kasi kubwa zaidi kabla haijaanza kujirarua. Tena kila silinda ilikuwa na mlango wake wa hewa tangu kiwandani. Kile ambacho Chapman alikitafuta kwa kizuizi cha chuma, sasa kilikuja bure.

Wahandisi wawili waliowahi kufanya kazi Lotus, Mike Costin na Keith Duckworth, walikuwa wameanzisha kampuni yao 1958, wakaiita Cosworth kwa kuunganisha majina yao. Waliichukua injini hiyo ya hosipawa 39, wakachora kemshafti inayoziacha vavu wazi kwa muda mrefu zaidi, wakafungua njia za hewa na kuongeza mgandamizo. Kwenye mbio za Formula Junior za 1960 na kuendelea, nguvu yake ilizidi mara mbili ya ile ya kiwandani.

Usidhani habari hizi ziliishia Ulaya. Ukoo huohuo wa injini ulikuzwa hadi cc 1498 na kuwekwa kwenye Ford Cortina. Ya kawaida ilitoa kama hosipawa 60. Ya GT, kwa kabureta bora, ekzosi inayopumua na kemshafti kali zaidi, ilitoa 78. Pasaka ya 1964, Peter Hughes alishinda Safari Rally akiwa na Cortina GT, katika vumbi na matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazee waliosimama kando ya barabara kushangilia walikuwa wakisikia, bila kujua, matunda ya usiku mwingi wa msasa kwenye vibanda vya Kiingereza.

Na miaka mitatu baadaye Cosworth haohao, safari hii kwa pauni 100,000 za Ford, wakatoa injini ya DFV. Juni 4, 1967, huko Zandvoort, Uholanzi, Jim Clark alishinda nayo Formula One katika mbio zake za kwanza kabisa. Hadi inastaafu ilikuwa imeshinda mbio 155 za Grand Prix.

Sasa tuwe wakweli. Wapo watakaosema: "We acha, hao walikuwa Wazungu, Chapman alisoma chuo kikuu na mchumba wake alikuwa na gereji." Ni kweli. Ukata wao haukuwa ukata wa Mbagala au Kibera. Walikuwa na vyuma vilivyojaa kila kona, maktaba, na klabu ambamo mtu aligundua jambo Jumapili na wenzake wakalijua kabla ya Jumapili ya pili. Hilo la mwisho naliona kubwa kuliko pauni 25. Elimu ile haikufichwa kama dawa ya mganga.

Mafundi wetu wa gereji za chini ya mwembe wanajua mengi, wengine wanatengeneza vipuri ambavyo kiwanda hakiuzi tena. Ila kila mmoja anajua peke yake, akifa anazikwa nayo. Sisi wenye vyeti nasi tunapita pale mbio kuwahi semina ya mtaji.

Sisemi mtaji hauna maana. Cosworth walihitaji zile pauni 100,000, na wasingezipata wapi wala kwa nani kama wasingekuwa tayari wameshaonyesha wanachoweza kufanya na injini ya hosipawa 39. Ninachouliza ni mpangilio: kipi kilitangulia? Maana pale kwenye Austin 7, kabla ya kutafuta injini kubwa zaidi, kuna mtu aliinama akatazama kwanza ni wapi hewa inaziba.

Wewe kwenye shughuli yako unaonaje, hewa inaziba wapi?