Boi Aliyeandika Historia ya Mji

Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville huko Katanga, chama cha watu waliopata kuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu kilitoa kijitabu kilichopigwa taipu. Mtungaji wake ni André Yav, naye mmoja wao. Jina la kijitabu ni la Kifaransa, na maana yake ni msamiati wa mji ule. Lakini afunguaye akitafuta orodha ya maneno hataipata. Ni historia ya mji na ya Wazungu waliouanzisha, ikisimuliwa na wale waliowapikia.

Tulitazame neno boi. Asili yake ni mtoto wa kiume, nalo alibandikwa hata mtu mwenye mvi na wajukuu. Huyo alifua, akapika, akaandika meza, akasikia yaliyosemwa mezani, kwa maana bwana wake hakudhani kwamba yuko mtu anayesikiliza. Elimu ya wakoloni ilimpimia Mwafrika kusoma na kuandika kwa kadiri ya kazi aliyokusudiwa. Habari za Katanga ziliandikwa na serikali, na wamisionari, na kampuni ya madini iliyoundwa mwaka 1906. Yav na wenzake hawakungoja kuandikiwa. Walitumia kisomo hicho hicho kidogo kujieleza wao ni nani.

Wengi wetu tukikiona Kiswahili chake tutatafuta wino mwekundu. Maneno yameungana pasipostahili na kukatika pasipostahili, na ngeli hazifuati sarufi tunayofundisha. Johannes Fabian, aliyekichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri, alisaidiwa na Kalundi Mango, msemaji wa Kiswahili cha huko, aliyekisoma kwa sauti. Ndipo maneno yalipotengana, na maana ikaonekana. Hatusemi Kiswahili sanifu kiachwe, maana mitihani ina masharti yake. Ila katika nchi zetu hizi, ambako mwanafunzi huja shuleni na Kiswahili cha sokoni kwao, daftari lake lastahili kusomwa kwa sauti kabla ya kusahihishwa. Pengine ameandika jambo ambalo hakuna mwingine awezaye kuliandika.

Mwaka 1966 mji ukaitwa Lubumbashi. Jina la kale limebaki juu ya kijitabu kile, na ndani yake limo neno boi, ambalo Yav hakuliona haya wala hakulifuta.