Mbuga ya Tsavo na kilio cha majirani

Mbuga ya Tsavo ilianzishwa mwaka wa 1948, kisha ikagawanywa kuwa Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Tsavo Magharibi ina lango lake Mtito Andei, Makueni, nayo Tsavo Mashariki inapakana na hifadhi ya Kitui Kusini. Msimamizi ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), lenye makao makuu Nairobi.

Wakulima wa Kibwezi na Kitui Kusini wamelalamika kwa miaka mingi kwamba maamuzi hufanyiwa mbali, ilhali ndovu huvamia mashamba yao ya mahindi na ndengu. Sheria ya mwaka wa 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya anayeuawa na ndovu. Hata hivyo, malipo hucheleweshwa, na wengi huona mbuga hiyo inawafaidi wageni kuliko wenyeji.