Joto la Jangwa, Joto la Jamu

Kabla hata ya kumsalimia mwenye yadi, Anko aliweka kiganja kwenye injini. Hakuuliza bei, hakuuliza mwaka. Aliweka kiganja tu, kama mtu anayepima homa ya mtoto, kisha akanigeukia.

"Hii imewashwa asubuhi hii."

Mwenye yadi akacheka. Ati aliiosha, akaiwasha ikauke maji. Inaweza kuwa kweli. Lakini Anko alikuwa ameshanieleza tukiwa ndani ya matatu kwamba pikipiki ya kuuzwa unataka kuikuta baridi. Ugonjwa wa kustati huonekana injini ikiwa baridi, na muuzaji mjanja huiamsha kabla hujafika.

Ilikuwa moja ya zile kubwa za safari za mbali, zile vijana wa mtandaoni wanaziita adivencha. Silinda mbili, 800cc, kioo cha kukinga upepo, masanduku ya aluminiamu huku na huku, na stika za nchi ambazo sidhani ilishawahi kufika. Bei laki nne na nusu, ambayo kwa pikipiki kama hiyo ni bei ya kukutia wasiwasi kama una akili. Mimi nilikuwa na laki tatu na nusu, ile nyingine ningekopa sacco.

Na hizo laki tatu na nusu hazikuwa zangu hasa. Mama aliziweka kidogo kidogo ili nirudi chuo. Nilipomwambia kwa mara ya tatu kwamba sirudi, na kwamba nataka kuandika kuhusu kaskazini, na kwamba kaskazini haiandikwi kutoka Kayole, alizitoa zote akanipa. "Ni zako," akasema. "Lakini usiniletee chuma cha kuegesha."

Basi nilikuwa nimesoma. Kuacha chuo si kuacha kusoma, hata kama majirani hawaamini. Kwa miezi mitano nilisoma kila nilichopata kuhusu pikipiki hizi, na kila anayeshauri alirudia mambo matatu: ikae vizuri, isikuchome, isikutupe njiani. Starehe, joto, uimara. Kilichonisumbua ni kwamba hakuna aliyesema starehe ya nani, joto la wapi, na njia gani hiyo ambayo haitakutupa. Nikaanza kutafuta maneno hayo yalikotoka.

Desemba 1934, wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walitoka London kuelekea Cape Town kwa Panther ya 600cc, yenye kigari ubavuni na trela nyuma. Hakuna aliyekuwa ametengeneza pikipiki ya safari kama hiyo. Walivuka Sahara, injini ikawaharibikia huko, na Agadez ikabidi ifunguliwe na kuundwa upya. Wallach alikuwa amesomea uhandisi, kwa hiyo spana haikuwa ngeni mkononi mwake. Julai 1935 wakaingia Cape Town. Kwa kipimo cha leo cha uimara Panther ile ilifeli. Kwa kipimo chao ilifika, kwa sababu ilikubali kufunguliwa mchangani na kufungwa tena.

Tarehe 6 Oktoba 1973 akatoka London mwandishi wa magazeti, Ted Simon, na Triumph ya 500cc. Hapa nilisoma polepole, maana si fundi, ni mtu wa kalamu kama mimi. Triumph ilikuwa pikipiki ya barabara za Uingereza, na kiwanda chake cha Meriden kilikuwa kimetwaliwa na wafanyakazi mwezi uliotangulia kupinga kufungwa. Simon alishuka nayo Misri, Sudan, Ethiopia, akaingia Kenya, akaendelea hadi kuizunguka dunia kwa miaka minne. Alijifunza ufundi njiani, kwa lazima. Injini yake ilipozwa na upepo tu: yale mapezi ya chuma unayoyaona kwenye silinda, upepo ukipita katikati yake unabeba joto. Hakuna maji, hakuna pampu, hakuna feni.

Nilipomsomea Anko habari hizi hakushangaa hata kidogo. Yeye alikuwa afisa wa mifugo Laisamis miaka ya themanini, na serikali ilimpa Yamaha DT yenye namba ya GK. Ndogo, nyepesi, ya kuunguza oili pamoja na petroli, nayo pia ya kupozwa na upepo. Kwa DT ile alienda Korr na Kargi kuchanja ngamia na mbuzi, boksi la barafu na dawa limefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu. Alitoka saa kumi na moja alfajiri. Kufika saa tano, analala chini ya mgunga mpaka jua lilegee.

"Si mimi niliyekuwa nachoka," akaniambia. "Ni yeye. Ukimsukuma saa saba mchana kwenye mchanga, pistoni inashika."

Mfuko wa shati ulikuwa na plagi mbili za ziada, miwani, na kalamu. Pikipiki za namna hiyo walipanda maafisa wa kilimo, wa afya, na watu wa mashirika kote kaskazini. Hakuna aliyeziita adivencha. Ziliitwa kazi.

Sasa neno lenyewe, na zile picha za mchanga kwenye matangazo, zilitoka kwingine. Mwaka 1977 Mfaransa aitwaye Thierry Sabine alipotea jangwani akiwa na Yamaha XT500 katika mashindano ya Abidjan hadi Nice. Aliokolewa, na badala ya kuapa kutorudi, akarudi kuanzisha mashindano yake mwenyewe. Ya kwanza yaliondoka Paris Desemba 1978 kuelekea Dakar. Cyril Neveu alishinda mara mbili za mwanzo kwa XT500 ileile ya silinda moja. Viwanda vikaona. Mwaka 1980 BMW ikatoa R80 G/S: karibu 800cc, silinda mbili zimetokeza nje kushoto na kulia kama masikio, zote mbili usoni mwa upepo. Mwaka uliofuata Hubert Auriol akashinda Dakar nayo. Mwaka 1983 Yamaha wakatoa XT600 Ténéré, tangi lita 30, na 1988 Honda wakatoa Africa Twin.

Angalia hayo majina. Ténéré ni neno la Watuareg, maana yake jangwa. Africa Twin haihitaji tafsiri. Jangwa letu limeandikwa ubavuni mwa tangi, na bei imeandikwa kwa watu wa kwingine. Mashindano yenyewe yalifutwa 2008 kwa hofu ya usalama, yakahamia Amerika Kusini, kisha tangu 2020 Saudi Arabia. Dakar yenyewe ilibaki Senegal, jina wakaenda nalo. Sina kinyongo. Ni kwamba tu inachekesha.

Hata hivyo mashindano hayo yalifundisha mambo ya kweli. Urefu ule unaotuudhi sisi wafupi ulitoka huko: kiti cha R80 G/S kilikuwa milimita 860 kutoka chini, kwa sababu shokomzoba ndefu zinahitaji nafasi ya kuzama. Usukani mpana ni wa kuendesha umesimama. Barabara iliyojikunja kama mabati, kama ilivyokuwa Marsabit hadi Moyale kabla ya lami kukamilika katikati ya miaka ya 2010, huikai, unaisimamia, magoti yamelegea. Na hapo joto linaingia mahali usipotarajia. Ukipita mabati kwa saa nzima, oili ndani ya shokomzoba inachemka, inakuwa nyepesi, na pikipiki inaanza kurukaruka kama mbuzi. Anko alijua hilo bila kulisoma. Alikuwa akisimama na kumwagia shoko maji yake ya kunywa.

Kisha yakaja maji ndani ya injini. Africa Twin ilikuwa na rejeta tangu mwanzo. BMW walishikilia upepo na oili kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka R1200GS ya 2013. Sababu kubwa haikuwa jangwa. Ilikuwa nguvu zaidi, na sheria za Ulaya za moshi na kelele, ambazo ni rahisi kuzitimiza injini ikikaa kwenye joto lisilobadilika. Uzito nao ukapanda. R1250GS Adventure ina kilo 268. Ikikulalia Dida Galgalu uko peke yako, utakaa hapo mpaka apite mtu.

Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba maji ni ubishoo, upepo ndio ukweli. Kumbe nilikosea, na nilikosea kwa sababu nilikuwa nasoma habari za jangwa huku naishi Nairobi. Injini ya upepo inataka mwendo. Iweke kwenye jamu ya Jogoo Road saa kumi na mbili jioni, dakika arobaini bila kusogea, na mapezi yote yale ni mapambo. Hapo ndipo rejeta na feni vinapokula mshahara wao. Kwenye mawe nako, jiwe moja kwenye rejeta na safari imekwisha, wakati silinda ya upepo inalikwepa kwa mkwaruzo tu. Joto ni mawili, na ya kwangu yalikuwa yote mawili.

Turudi yadi.

"Iwashe," Anko akamwambia mwenye yadi. Ikawaka mara moja, sauti nzuri kweli, moyo wangu ukaruka. "Kijana, panda."

Nikapanda. Mimi ni futi tano na inchi tano. Vidole vya mguu wa kushoto viligusa chini, vya kulia viliomba msamaha.

"Sasa kaa hapo hapo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie."

Unajua dakika tano ni ndefu kiasi gani ukiwa umekaa juu ya pikipiki isiyoenda, watu wanakutazama? Dakika ya sita nilianza kuhisi joto kwenye paja la kulia, ndani ya jinsi. Dakika ya nane nilifungua magoti. Kiti, ambacho mwanzoni kilikuwa laini kama kochi, kilikuwa kimeanza kunikata chini ya mapaja, kwa vile miguu ilikuwa inaning'inia. Mwenye yadi akasema inatosha, mafuta ni ghali. Anko akatoa mia mbili mfukoni, akampa. Macho yake hayakutoka kwenye kioo kidogo cha joto, ambapo vijistari vilikuwa vinapanda kimoja kimoja.

Dakika ya kumi na mbili vijistari vilijaa. Sote watatu tulikuwa tunasikiliza kitu kimoja, na hakikusikika. Feni.

"Itakuwa waya tu," mwenye yadi akasema.

Labda ilikuwa waya tu. Waya wa mia tano. Au motaa ya feni inayoagizwa kutoka nje kwa wiki sita. Au gasketi ya kichwa iliyokwisha kuungua kwa sababu feni haikuwaka mwaka mzima. Anko alizima, akafungua chupa ya maji ya rejeta kwa kitambaa, akanionyesha bila kusema neno. Juu ya maji palikuwa na utando wa oili, rangi za upinde wa mvua.

Sikulia, lakini ilikuwa karibu. Tulitembea mpaka Kirinyaga Road kutafuta chai, na hapo, katikati ya maduka yale ya vipuri, Anko akanipa kazi. Niingie maduka kumi, niulize bei ya pistoni, ringi na kebo ya klachi ya pikipiki niliyotoka kuiona. Duka moja tu lilijua ninazungumzia nini, na likasema niache depoziti. Halafu niulize vya Honda XR250. Maduka saba yalikuwa navyo, au yalijua jirani aliye navyo, au yalinitajia kipuri cha pikipiki nyingine kinachoingia bila kulazimishwa.

XR250 niliipata wiki tatu baadaye kwa mwalimu mmoja Nyeri, kuukuu, imetoka Japani zamani. Silinda moja, ya upepo, haina rejeta. Tuliikuta baridi kabisa, mwalimu alikuwa kanisani. Ilikubali kuwaka kwa mara ya nne, kwa uvivu, na Anko akaipenda kwa sababu hiyo. Nilikaa dakika ishirini. Kiti chake ni chembamba na kigumu kama benchi la chifu, na najua kwamba mpaka nifike Marsabit kitakuwa kimenifanya mtu mwingine. Nitapumzika kila saa. Kwenye jamu nitaizima na kuisukuma, kama wazee. Ilibaki hela ya matairi, kofia nzuri, na mafuta ya kwenda na kurudi.

Niliifikisha nyumbani jioni. Mama alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye leso, akaizunguka mara moja bila kuigusa. Kwenye muundi wake wa kulia ana kovu, duara kama sarafu ya shilingi ishirini, la ekzosi ya boda ya mwaka juzi. Akasimama upande huo wa ekzosi, akainama, akaitazama ilivyopandishwa juu na kufunikwa bamba.

"Hii inachoma?"

"Ina ngao, Mama. Lakini panda upande wa kushoto."

Akafunga leso vizuri, akaniwekea mkono begani, akapanda upande wa kushoto.