Nani Amtunze Mzee: Historia ya Matunzo ya Wazee Nachingwea na Ruangwa

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, zilizoko upande wa bara wa mkoa wa Lindi, zilihesabiwa katika sensa ya mwaka 2012 kuwa na wakazi 178,464 na 131,080 kwa mfuatano huo, na mkoa wao ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambayo sehemu ya watu waliotimiza umri wa miaka 60 na zaidi ni kubwa kuliko wastani wa taifa, uliokuwa asilimia 5.6 mwaka huo. Sababu zake ni za kihistoria: uzazi usio mkubwa kama wa mikoa ya kaskazini-magharibi, na uhamaji wa muda mrefu wa vijana kwenda mashamba ya mkonge, mijini na hatimaye Dar es Salaam. Historia ya huduma kwa wazee katika eneo hili, kwa hiyo, haiwezi kutenganishwa na historia ya nguvukazi ya vijana, yaani swali la nani aliyebaki kijijini kulima, kuchota maji na kuokota korosho za mtu ambaye mikono yake imechoka.

Kabla ya utawala wa kigeni, swali hilo lilijibiwa na utaratibu wa ndoa. Wamwera, wenyeji wa sehemu kubwa ya nchi hii, pamoja na Wamakonde, Wayao na Wamakua waliochanganyika nao, walifuata ukoo wa mama, na kwa kawaida kijana aliyeoa alihamia ukweni, akawalimia wakwe zake na kuwajengea kabla ya kuhesabiwa kuwa mume kamili. Matokeo yake ni kwamba mama mzee alizungukwa na binti zake na wakwe zake wa kiume, na mwanamume mzee alikuwa na haki juu ya wapwa zake, yaani watoto wa dada yake, ambao ndio waliorithi jina na cheo chake. Jando na unyago viliongeza nguvu ya utaratibu huo, kwa sababu kungwi, ngariba na wazee wa mila walilipwa kwa nafaka, kuku au nguo, na ujuzi wao ulipanda thamani kadiri umri ulivyosonga. Julius Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1962 kuhusu ujamaa, aliutetea utaratibu wa namna hii kwa hoja kwamba mzee aliyeonekana kustarehe alikwisha kuifanyia kazi starehe yake alipokuwa kijana. Hoja hiyo ina ukweli, lakini imeacha upande mmoja gizani: mzee asiye na binti, au aliyeletwa na misafara ya biashara ya watumwa iliyopita hapa kuelekea Kilwa na Lindi, hakuwa na ukoo wa kumdai kitu, na wema wa jirani haukuwa haki yake.

Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata baada ya majeshi ya Kijerumani kuteketeza mashamba na maghala, viliuvunja mpango huo kwa ukatili ambao haujapata kulinganishwa na lolote lililofuata. Misheni za Wabenediktini za Nyangao na Lukuledi zilichomwa katika vita hivyo, na mwaka 1906 wamisionari hao walianzisha kituo kipya Ndanda, ambacho baadaye kilipanuka hadi Mnero, katika wilaya ya Nachingwea ya leo, ambako hospitali ya misheni ingali ikitibu wagonjwa. Ndanda ndiko alikofanya kazi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, daktari na mtawa Thekla Stinnesbeck, na hapo wagonjwa wa ukoma, ambao wengi wao walizeeka wakiwa wametengwa na jamaa zao, walipata makao ya kudumu. Kwa upande wa Waanglikana, Askofu Vincent Lucas wa Masasi alichagua njia nyingine: badala ya kulikataza jando, aliliingiza ndani ya Kanisa, na kwa kufanya hivyo aliwaachia wazee sehemu ya heshima yao ya zamani, ingawa chini ya uangalizi wa padre. Katika vijiji vya Waislamu, ambao ni wengi katika wilaya hizi, zaka, sadaka na fitri za mwezi wa Ramadhani ziliendelea kumfikia mzee fukara bila ofisi wala daftari.

Serikali ya kikoloni haikuwa na mpango wa wazee. Kilichoigusa zaidi hali yao kilikuwa Mpango wa Karanga, mradi mkubwa wa Uingereza ulioanza mwaka 1947 kwa lengo la kupata mafuta ya kula baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake vitatu pamoja na Kongwa na Urambo. Reli ilijengwa kutoka pwani, matingatinga yakang'oa msitu, na vijana wakavutwa na mshahara wa kila mwezi, mpaka mradi ulipovunjwa mwaka 1951 na hasara ya pauni milioni 36 kufutwa katika vitabu. Reli nayo iling'olewa katika miaka ya 1960. Kibarua aliyesafisha mashamba hayo hakupata kiinua mgongo chochote cha uzeeni, na Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi ulipoanzishwa mwaka 1964 ulimhusu mwajiriwa wa mshahara, si mkulima, kwa hiyo karibu wakazi wote wa wilaya hizi walibaki nje ya hifadhi ya jamii, yaani mipango ya umma ya kumkinga mtu dhidi ya uzee, maradhi na ulemavu.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwataja wazee wasiojiweza kuwa miongoni mwa wachache wanaostahili kuishi kwa jasho la wengine. Chombo cha kutekeleza kauli hiyo kilitarajiwa kuwa kijiji cha ujamaa, na kusini, ambako hofu ya vita vya Msumbiji iliharakisha jambo hilo, watu walikusanywa vijijini mapema kuliko sehemu nyingi za nchi. Zahanati, kisima na shule vilisogea karibu, na hiyo ni faida ambayo wapinzani wa operesheni vijiji huisahau kirahisi. Mashamba, hata hivyo, yalibaki mbali, na pamoja nayo mikorosho.

Hapa ndipo historia ya wazee wa Nachingwea na Ruangwa inapotofautiana na ya wazee wengine wengi wa Tanzania. Mkorosho huanza kuzaa baada ya miaka michache na huendelea kuzaa kwa miongo kadhaa, hauhitaji kupandwa upya kila msimu, na korosho huanguka zenyewe zikasubiri kuokotwa. Mtu aliyepanda shamba akiwa na miaka 30 alikuwa amejiwekea pensheni bila kuandikishwa na mfuko wowote. Uzalishaji wa taifa ulifikia takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, kisha ukaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, kwa sababu ya umbali wa mashamba, bei ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga, ukungu mweupe unaoua maua. Tangu dawa ya salfa ilipoenea, mkorosho umerudi kuwa mali, lakini pia umekuwa mali yenye gharama: lazima shamba lipaliliwe na salfa ipulizwe kwa mashine ya kubebwa mgongoni, kazi ambayo mzee wa miaka 70 haiwezi, naye hulazimika kumlipa kijana kwa fedha taslimu ambazo hana kabla ya mavuno.

Pengo hilo la fedha ndilo linaloikuza kangomba, biashara ya kununua korosho kijijini nje ya utaratibu rasmi, mara nyingi kwa fedha zilizotangulizwa zao likiwa bado mtini na kwa bei ya chini sana. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mkoani Mtwara msimu wa 2007/08 na kuenea Lindi, ulikusudiwa kuikomesha: mkulima hupeleka korosho chama cha msingi, hupewa stakabadhi, mzigo huuzwa mnadani chini ya chama kikuu, ambacho kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI, na malipo hupitia benki. Bei imekuwa bora, lakini mwenye kuugua leo hawezi kungoja mnada wa wiki ijayo, na benki iko mjini. Wazee wasio na mtoto karibu ndio wanaoendelea kuikodisha mikorosho yao, na hilo ni tatizo la uzee kabla ya kuwa tatizo la ushirika.

Huduma za serikali zilikuja kwa njia ya matibabu. Uchangiaji wa gharama za afya ulipoanza mwaka 1993, ilibidi makundi fulani yasamehewe, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, iliyomtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi, iliweka msingi wa matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Mtu aliyetimiza umri huo mwaka ule alizaliwa mwaka 1943, hivyo alikuwa mtoto mdogo wakati wa Mpango wa Karanga, na kwa kuwa wengi wa rika lake hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, ofisi za vijiji na kata zililazimika kukadiria umri kwa matukio ya namna hiyo. Baadaye vilifuata vitambulisho, madirisha ya wazee hospitalini na mabaraza ya wazee kuanzia kijiji hadi wilaya. Mabaraza ni wazo zuri lililonyimwa fungu: yana sauti, hayana bajeti. Msamaha wa matibabu nao humwondolea mzee ada ya kumwona daktari, lakini dawa ikikosekana zahanati, anaelekezwa duka la dawa, ambako uzee si kitambulisho. Kwa asiye na ndugu kabisa, mkoa una makazi ya serikali ya Nandanga.

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ulioanza katika awamu ya tatu ya mfuko huo mwaka 2012, ndio wa kwanza kuwafikishia wazee wengi wa vijijini fedha mkononi. Walengwa huchaguliwa katika mkutano wa kijiji, na ruzuku huambatana na masharti ya mahudhurio ya watoto shuleni na kliniki. Kwa kuwa bibi wengi wa Nachingwea na Ruangwa wanalea wajukuu ambao wazazi wao wako Dar es Salaam, ruzuku hiyo imewafaa. Lakini inahesabu kaya, haimhesabu mtu, na ajira za muda zinazoambatana nayo zinamtaka mwenye nguvu. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, na huduma za fedha kwa simu tangu mwaka 2008, vimewezesha mtoto aliye mbali kutuma kitu nyumbani, na pengine vimefanya zaidi ya sera yoyote, ila havimfikii aliyesahauliwa.

Zanzibar ilianza mwezi wa Aprili 2016 kumlipa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama ana watoto, mashamba au karafuu. Tanzania Bara ilifanyiwa utafiti wa uwezekano wa pensheni ya namna hiyo mwaka 2010, na Wizara ya Kazi pamoja na HelpAge International. Katika wilaya ambazo wazee wake wamejitunza kwa mti mmoja kwa zaidi ya nusu karne, hiyo ndiyo hatua inayodaiwa, na ingelipwa kabla ya msimu wa salfa ingeiondolea kangomba wateja wake walio wanyonge kuliko wote.