Baridi ya Kulipia

Mwaka 2024, Oktoba 20 iliangukia Jumapili. Sheria ya sikukuu inasema ikitokea hivyo basi Jumatatu watu hawaendi kazini, na sidhani kuna sheria nyingine Wakenya tunaijua vizuri kama hiyo. Ijumaa jioni barabara ya Thika ilikuwa imefura magari: watoto nyuma, blanketi juu ya watoto, gunia la makaa kwenye buti. Wengi walikuwa wanaelekea Nyeri, Naro Moru na Nanyuki, kukaa siku mbili tatu chini ya Mlima Kenya, kuota moto, kupiga picha na farasi, kisha kurudi. Baridi ambayo watu wa huko huvumilia bure, sisi wa Nairobi tunailipia.

Tarehe hiyo tunaiita Siku ya Mashujaa. Kabla ya katiba ya 2010 ilikuwa Siku ya Kenyatta. Chanzo chake ni Oktoba 20, 1952, siku Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari, ile ambayo wazee wa kwetu wanaiita imajensi mpaka leo. Usiku huo askari walizunguka wakigonga milango, na kufikia asubuhi Jomo Kenyatta na wenzake wengi walikuwa mbaroni. Miezi michache baadaye serikali iliufunga mlima. Msitu wa Mlima Kenya na ule wa Nyandarua, ambao wazungu waliuita Aberdare, ukawa eneo la marufuku. Ukionekana ndani unapigwa risasi, hakuna cha kuulizwa jina.

Sasa weka hayo mawili pamoja. Tunapewa Jumatatu ya bure kwa sababu ya tarehe iliyosababisha mlima ufungwe, na hiyo Jumatatu tunaitumia kwenda kupumzika kwenye mlima huohuo. Sisemi ni vibaya. Mimi pia nilikuwa kwenye hiyo foleni, nimebanwa kiti cha nyuma na binamu wawili. Ila niliporudi nilitaka kujua nani aliamua kwamba mlima ni mahali pa kupumzikia, kwa sababu haikuwa hivyo toka mwanzo.

Kwa Wagikuyu, Kirinyaga ni makao ya Ngai. Mzee akiomba anauelekea. Kenyatta alipoandika kitabu kuhusu watu wake mwaka 1938, jina alilokipa linamaanisha kuuelekea huo mlima, na mtu anayejua mila haitaji kufafanuliwa. Watu waliingia msituni, ndiyo. Waliweka mizinga, waliwinda, walikata miti. Lakini kwenda juu ili ukae tu, usifanye kitu, uangalie mawingu? Hiyo story ilikuja na meli.

Ilitoka India zaidi. Waingereza wa kule waliogopa joto kama ugonjwa, na mwaka 1864 wakaufanya mji wa Simla, kwenye milima ya Himalaya, kuwa makao makuu yao ya kiangazi. Kila mwaka serikali nzima ilifungasha mafaili na makarani, ikapanda juu, ikangoja joto lipungue, ikashuka. Wajerumani nao walijenga mji wao wa baridi Usambara, wakauita Wilhelmstal. Leo ni Lushoto. Nyuma ya haya yote kulikuwa na madaktari waliosema kwa uzito kabisa kwamba jua la huku linaharibu mishipa ya fahamu ya mzungu. Ndiyo maana kwenye picha za zamani unawaona na zile kofia ngumu kama sufuria, na wengine walishonewa kitambaa cha ziada mgongoni ili jua lisipige uti wa mgongo.

Kenya ikawaharibia mpango kwa njia moja: huku juu ni baridi mwaka mzima. Sisi hatuna kiangazi cha kukimbiliwa. Julai na Agosti, wakati Ulaya wanavua mashati, Nyeri watu wanavaa sweta mbili. Kwa hiyo Simla yao ya Kenya haikuhitaji kushuka. Walipanda na wakabaki. Waliligawa eneo lote la juu kuwa mashamba, na kufikia 1939 lilikuwa limewekewa mipaka kisheria kama Nyanda za Juu za Wazungu, ambapo Mwafrika angeweza kulima, kukamua na kupika, lakini si kumiliki. Ukiniuliza, hiyo ndiyo hoteli kubwa zaidi ya milimani kuwahi kufunguliwa nchini, na wageni wake hawakuwa na siku ya kuondoka.

Hoteli zenyewe zilifuata. Eric Sherbrooke Walker na mkewe, Lady Bettie, walikuwa na Outspan pale Nyeri. Mwanzilishi wa skauti, Baden-Powell, alijengewa nyumba ndogo katika uwanja wake, akafia hapo Januari 1941. Mwaka 1932 kina Walker walijenga Treetops, vyumba viwili juu ya mti ndani ya msitu wa Nyandarua. Mgeni alisindikizwa kwa miguu na mtu mwenye bunduki, akapanda ngazi, akakaa kimya usiku kucha kuangalia ndovu wakija kunywa maji. Mti wenyewe ulikuwa mugumo. Mugumo ndio mti ambao wazee walichinjia kondoo chini yake wakiomba mvua. Sijui kama kuna mtu aliyewaambia.

Mwafrika aliingia hoteli hizi akiwa na trei. Alikuwa mpishi, mtunza bustani, mbeba mizigo, na hata awe na wajukuu aliitwa boi. Nje ya geti alikuwa na kipande shingoni, kikopo cha bati chenye karatasi iliyosema ni nani na anamfanyia nani kazi. Wikendi ya familia kwake ilikuwa wikendi ya familia ya mtu mwingine.

Kuna wageni watatu wa mlima huu ambao ninawapenda, acha niwataje kabla hatujafika kubaya. Wakati wa vita vya pili vya dunia, Nanyuki kulikuwa na kambi ya wafungwa Waitaliano. Mmoja wao, Felice Benuzzi, aliuona mlima ukitokeza kwenye mawingu na akashikwa nao kabisa. Januari 1943 alitoroka na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Vifaa vya barafu walijitengenezea kwa vyuma chakavu, kamba walizitoa kwenye vitanda vya kambi, na ramani? Hawakuwa nayo. Walikuwa na picha ya mlima iliyochapishwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Barsotti aliugua, wale wawili wakafika kilele cha Lenana, wakasimika bendera ya Italia, kisha, baada ya siku 18, wakarudi kambini kwa miguu yao na kujisalimisha. Walihukumiwa siku 28 za kufungiwa peke yao, na mkuu wa kambi akazipunguza hadi 7 kwa sababu alipendezwa na uanamichezo wao.

Soma hiyo sentensi ya mwisho tena. Miaka kumi baadaye, kwenye misitu hiyohiyo, hakuna aliyepunguziwa chochote kwa uanamichezo.

Usiku wa kuamkia Februari 6, 1952, Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alilala Treetops na mumewe. Babake alifariki usiku huo, yeye akiwa juu ya mti, na habari zilimfikia akiwa tayari ameshuka hadi Sagana. Hii utaisikia kutoka kwa kila mwongozaji wa watalii: alipanda binti mfalme, akashuka malkia. Kile ambacho hakisemwi sana ni kwamba miezi minane baadaye ndiyo imajensi ikatangazwa, na kwamba mwaka 1954 wapiganaji wa msituni waliichoma Treetops ikabaki majivu. Ilijengwa upya mwaka 1957, ng'ambo ya dimbwi lilelile. Februari ya mwaka huohuo wa 1957, Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti. Alikuwa amekamatwa ukingoni mwa msitu karibu na Nyeri, Oktoba 21, 1956. Siku moja baada ya ile tunayopewa mapumziko.

Ndege za kijeshi za Uingereza zilidondosha mabomu kwenye misitu hiyo. Lakini kilichowamaliza wapiganaji kilikuwa njaa zaidi ya mabomu, na njaa hiyo ilichimbwa kwa mikono. Kuanzia katikati ya 1954, zaidi ya watu milioni moja wa eneo la kati walitolewa makwao na kusukumwa kwenye vijiji vya lazima zaidi ya 800, vyenye uzio, walinzi na saa za kutotoka nje. Kisha wakaamriwa kuchimba mtaro ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya, urefu wa kama kilomita 80, wenye kina kuliko mtu aliyesimama, wenye vijiti vilivyochongwa chini na seng'enge, ili chakula kisivuke. Wanaume wengi walikuwa kizuizini. Waliochimba walikuwa wanawake hasa, na watoto waliobeba udongo.

Shosho wangu alikuwa na miaka 12. Nilijua alikulia kwenye kijiji cha aina hiyo, lakini nilijua kama unavyojua namba ya kitambulisho, bila picha yoyote. Tulipokuwa tunaenda Nanyuki hiyo wikendi alikaa mbele na mjomba. Tulipita Karatina kukiwa kumekucha, mlima uko wazi kabisa, na binamu wangu akatoa simu nje ya dirisha. Shosho akanyoosha kidole, si kwenye theluji, chini zaidi, pale kijani kinapobadilika kuwa kijani cheusi.

"Mtaro ulipita hapo," akasema. "Mama yangu alikuwa shimoni, mimi juu nimeshika karai."

Mjomba akauliza kama walilipwa. Yeye ni mhasibu, labda ndiyo maana.

"Tulilipwa viboko," Shosho akasema, na akaomba redio iongezwe sauti, kulikuwa na ibada.

Hotelini alifurahi, niseme ukweli. Alipenda supu, alipenda mfuko wa maji moto waliomwekea kitandani, alimuuliza mhudumu anatoka wapi na wakagundua wanajua familia moja. Mjukuu wake mdogo aliogelea hadi midomo ikawa ya zambarau. Ninaandika hili kwa sababu niliona watu mtandaoni wakisema kwamba ukijua historia ya hizi hoteli huwezi kulala humo. Shosho alilala saa kumi mfululizo. Nani ana haki ya kuota moto chini ya huo mlima kumliko?

Kitu kinachonisumbua ni kalenda. Nanyuki kuna Mount Kenya Safari Club, iliyo juu ya mstari wa ikweta. Ilianza kama nyumba ya mtu tajiri iliyoitwa Mawingu, ikawa hoteli, na mwaka 1959 mwigizaji wa Marekani William Holden na washirika wake wakaifanya klabu ya watu mashuhuri. Machi 1959, katika kambi ya Hola, askari wa magereza waliwapiga wafungwa waliokataa kazi ya lazima hadi watu 11 wakafa. Imajensi ilikuwa bado inaendelea, iliondolewa rasmi Januari 1960. Kwenye vitabu hizi ni sura mbili za nchi mbili tofauti, moja ya utalii na nyingine ya uhuru. Niliacha chuo kabla ya kufika mwaka wa tatu, kwa hiyo labda huko mbele kuna somo linalozikutanisha. Katika yale niliyosoma halikuwepo.

Mlima ulifunguliwa kwa njia mbili, mwezi mmoja. Desemba 1963, Kenya ikipata uhuru, Kisoi Munyao aliupanda na bendera mpya akaisimika juu, kwenye theluji. Mwezi huohuo wapiganaji waliokuwa wamebaki msituni, kina Musa Mwariama wa Meru na Muthoni wa Kirima wa Nyeri, walianza kushuka. Nywele zao zilikuwa zimefika mabegani, ngozi za wanyama mwilini. Muthoni alikuwa ameishi msituni zaidi ya miaka kumi. Nywele hizo alikataa kuzikata mpaka Aprili 2022.